Daktari, nikaze uso kabla ya harusi ya binti yangu?

Swali: “Daktari, habari za kazi. Nina miaka 58. Kwa mwaka mmoja na nusu nimepungua kilo 19 kwa sindano za kupunguza uzito na ninashukuru, ila uso umenisaliti. Mashavu yameteremka, mstari wa taya umepotea, na chini ya kidevu ngozi inaning’inia. Juu ya mdomo nina mikunjo midogomidogo kama karatasi iliyofinyangwa. Nina presha, nameza dawa kila siku, pamoja na aspirini ndogo niliyoianza mwenyewe baada ya kusikia inasaidia moyo. Shisha navuta mara mojamoja tu. Binti yangu anaolewa baada ya wiki nane. Nimempata mtaalamu anayesema atanifanyia upasuaji mdogo wa kukaza uso kwa saa moja, bila kovu, na siku ya tatu narudi kazini. Mume wangu sijamwambia. Nifanye? Na hereni zangu nitaanza kuvaa lini?”

Jibu: Mama, nianze na neno ambalo najua hulitaki. Kabla ya harusi, hapana. Baada ya harusi inawezekana, tena upasuaji huu unaweza kukufaa kweli, kwa masharti nitakayoyataja. Lakini kabla ya kufika kwenye tarehe, tuelewane kwanza juu ya kazi yenyewe. Umelalamikia mambo manne: mashavu, taya, ngozi ya chini ya kidevu, na mikunjo ya juu ya mdomo. Matatu ya kwanza ni kulegea. La nne si kulegea. Kukaza uso kunatibu kulegea, basi. Wengi niliowaona wakijutia upasuaji ambao kitaalamu ulikwenda vizuri walikuwa wamekwenda kutafuta kitu kingine ambacho kisu hakina.

Uso hauzeeki kwa ngozi peke yake. Mifupa hupungua taratibu, hasa kuzunguka macho na kwenye taya. Vifuko vya mafuta vilivyokuwa vimejaa mashavuni husinyaa, vingine huteremka. Nyuzi ngumu zinazoishikiza ngozi kwenye mfupa hulegea, na ngozi yenyewe, kwa umri na kwa jua, hupoteza kolajeni, ile protini inayoipa uimara, na mnyumbuko wake. Wewe umeongezea jambo la tano: mafuta ya uso yamepungua pamoja na yale ya tumbo, na ngozi ya miaka 58 haina tena nguvu ya kujikusanya ikaufuata mwili mpya. Siku hizi watu wameupa uso wa namna hiyo jina la dawa, “uso wa Ozempic”, kana kwamba dawa ndiyo iliyouharibu. Kupungua sana kwa njia yoyote huleta hali hiyohiyo.

Basi upasuaji unafanya nini hasa? Wa mwanzo kabisa ulishughulika na ngozi tu. Daktari Eugen Holländer wa Berlin alisimulia baadaye kwamba mwaka 1901 mwanamke mmoja wa tabaka la juu kutoka Poland alimwomba amkate vipande vya ngozi karibu na masikio ili mashavu yakae sawa, naye akakubali. Ngozi ikavutwa, ikashonwa. Ni kama kukaza shuka juu ya godoro lililobonyea: likitandikwa linapendeza, likilaliwa mara mbili bonde linarudi, maana shida haikuwa kwenye shuka. Ngozi hunyumbuka. Ukiiachia ibebe uzito wote wa shavu, itarefuka tena baada ya miezi, na kabla ya hapo itampa mwenyewe ule uso wa mtu aliyeelekea kimbunga. Kovu nalo litapanuka, kwa sababu linavutwa mchana na usiku.

Mambo yalibadilika mwaka 1976, madaktari Vladimir Mitz na Martine Peyronie wa Paris walipochapisha maelezo ya utando unaolala chini ya mafuta ya ngozi, ulioungana na misuli midogo ya uso na ule mpana wa shingo. Madaktari huuita kwa kifupi SMAS. Huo ndio godoro. Leo mpasuaji anayeijua kazi huuinua utando huo ama kwa kuukunja na kuushona juu yake wenyewe, ama kwa kuukata na kuusogeza, ama kwa kupita chini yake na kuachilia nyuzi zinazoushikilia, mbinu ya tabaka la ndani ambayo Sam Hamra wa Marekani aliieleza mwaka 1990. Ngozi hufuata mwishoni: inalazwa bila kuvutwa, inayozidi inapunguzwa, inashonwa.

Utakutana na mabishano makali kuhusu ipi kati ya mbinu hizi ni bora, na kila daktari huisifu yake. Kuna jaribio moja ninalolipenda kwa sababu liliwaweka wapasuaji wenyewe kwenye mizani. Jozi mbili za mapacha wanaofanana walifanyiwa na wapasuaji wanne mashuhuri, Hamra akiwa mmoja wao, kila pacha na mpasuaji wake, kila mpasuaji na mbinu yake. Picha zao za miaka 10 baadaye zilichapishwa mwaka 2009. Anayezitazama bila kuambiwa nani alifanywa nini atapata taabu kumtaja mshindi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ana mbinu ya pekee inayowashinda wote, msikilize kwa adabu, kisha muulize amefanya kwa watu wangapi.

Sasa fanya mtihani mdogo nyumbani. Kaa mbele ya kioo, uso ukielekea dirishani. Weka vidole viwili mbele ya kila sikio, sukuma ngozi juu na nyuma kidogo, sentimita moja tu, usizidishe kwa tamaa. Au lala chali ushike kioo juu ya uso wako. Tazama kinachobadilika: mstari wa taya utarudi, vile vifuko pembeni mwa kidevu vitapanda, shingo itatulia, mfereji kati ya pua na kona ya mdomo utapungua kina lakini hautatoweka. Halafu, na hili watu hulisahau, tazama kisichobadilika. Madoa ya jua yako palepale. Kope zilizolegea ziko palepale, kwa kuwa upasuaji wa kope ni kazi nyingine, na kupandisha nyusi ni nyingine tena. Mashimo ya mashavu yaliyopungua mafuta hayajajaa. Hayo hujazwa kwa mafuta yanayochukuliwa tumboni au pajani, mara nyingi katika upasuaji uleule. Na ile karatasi iliyofinyangwa juu ya mdomo bado imefinyangwa.

Mikunjo hiyo imo ndani ya ngozi yenyewe. Dawa yake ni kuibadilisha sura ya ngozi, kwa leza, kwa dawa za kuchuna tabaka la juu, au kwa kusugua kitaalamu. Sijui rangi ya ngozi yako, hivyo nitasema pande zote. Ngozi nyeusi hulindwa na melanini, rangi yake ya asili, na hukunjika kwa kuchelewa, lakini huadhibu haraka anayeichoma ovyo: inaweza kubaki na mabaka meusi au meupe kwa miezi, pengine daima. Ngozi hiyohiyo ndiyo yenye uwezekano mkubwa zaidi wa keloidi, lile kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha. Umetaja hereni, basi yatazame matundu yake. Kama yalipona vizuri bila uvimbe mgumu, hiyo ni ishara njema. Kama uliwahi kupata keloidi sikioni au kifuani, mwambie mpasuaji kabla ya jambo jingine lolote, maana atakukata karibu na palepale.

Nije kwa huyo mtaalamu wako na maneno yake matatu: mdogo, saa moja, bila kovu.

Upasuaji usioacha kovu haupo. Kisu kikipita, kovu linabaki. Ufundi ni kujua pa kulificha. Katika upasuaji kamili mkato huanzia kwenye nywele za panja au kando yake, ukashuka mbele ya sikio ukijibanza kwenye mikunjo ya asili, ukazunguka chini ya ndewe, ukapanda nyuma ya sikio na kuishia ndani ya nywele za kisogo. Mara nyingi kuna mkato mwingine mfupi chini ya kidevu kwa ajili ya shingo. Kazi yote huchukua saa tatu hadi tano, wakati mwingine zaidi. Upasuaji mdogo upo kweli, una mkato mfupi, na humfaa mtu ambaye taya ndiyo kwanza imeanza kulegea. Kwa shingo uliyonieleza, baada ya kilo 19, ninaogopa utalipa, utapata kovu, na shingo itabaki kama ilivyo.

Makovu mabaya ya upasuaji huu yana alama zake, na ukizijua utazisoma hata kwenye picha za matangazo: ndewe iliyovutwa ikaungana na shavu, kile kinyama kidogo cha mbele ya tundu la sikio kilichobapa, nywele za panja zilizorudi nyuma hadi pakabaki uwazi. Ndiyo maana kwenye matangazo mengi nywele zimeachwa zikafunika masikio. Omba picha zenye nywele zilizofungwa nyuma, za upande, zilizopigwa mwaka mmoja baada ya upasuaji, kwa mwanga uleule na kidevu kikiwa usawa uleule. Kuinua kidevu sentimita mbili na kuongeza taa kunaweza kumpunguzia mtu miaka mitano bila kisu. (Wanaume wana mtihani wao: ngozi yenye ndevu husogea hadi kandokando ya sikio, na wapo wanaolazimika kunyoa nyuma ya masikio.)

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo barua yako iliponitia wasiwasi. Hatari inayotokea zaidi baada ya kukaza uso ni damu kujikusanya chini ya ngozi. Kwa wanawake hutokea kwa kiasi cha mmoja hadi watatu kati ya 100, kwa wanaume zaidi ya hapo, na mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza, yaani usiku wa kwanza. Damu hiyo ikiachwa huisukuma ngozi kutoka chini, ikaibana mishipa yake midogo, na ngozi ikakosa chakula na kufa. Ikigunduliwa mapema, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, damu inatolewa, na matokeo ya mwisho huwa mazuri tu. Dalili yake ni maumivu yanayoongezeka upande mmoja pamoja na uvimbe na kubanwa. Kukaza uso kwa kawaida hakuumi sana, watu hushangaa. Kwa hiyo maumivu makali ya upande mmoja usiku wa manane si ya kumezea dawa na kulala. Ni ya kupiga simu muda huohuo. Je, huyo mtaalamu wa saa moja amekuambia nani atapokea simu hiyo?

Presha ni rafiki mkubwa wa uvujaji huo. Sikuzuii kwa kuwa na presha. Nazuia presha isiyodhibitiwa. Pima nyumbani asubuhi na jioni kwa mwezi mzima, andika, mpelekee daktari wako. Siku ya upasuaji usiache dawa ya presha mpaka daktari wa usingizi akuelekeze. Aspirini nayo hupunguza uwezo wa damu kuganda, na athari yake hudumu siku saba hadi kumi baada ya kidonge cha mwisho, ndiyo maana wapasuaji wengi huitaka isimamishwe wiki mbili kabla. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, vitamini E, mafuta ya samaki na vidonge vya kitunguu saumu huingia kwenye orodha hiyohiyo. Ila kwa aspirini kuna watu wawili tofauti: aliyewekewa kifaa kwenye mshipa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi asithubutu kuiacha kwa ushauri wa mpasuaji wa urembo, lazima daktari wake wa moyo aseme. Wewe uliyejianzishia mwenyewe una swali lingine la kumpelekea daktari wako, nalo ni kama ulipaswa kuianza kabisa.

Na shisha. “Mara mojamoja tu” ndilo neno ninalolisikia kila wiki. Nikotini huikaza mishipa midogo ya damu, na moshi huleta gesi ya kaboni monoksidi inayopokonya nafasi ya oksijeni kwenye damu. Ngozi iliyoinuliwa usoni inaishi kwa mishipa midogo kabisa, hasa ile ya nyuma ya sikio iliyo mbali na chanzo. Mwaka 1984 Thomas Rees wa New York na wenzake walionyesha kwamba wavutaji walikuwa na hatari ya kufa kwa ngozi baada ya upasuaji huu zaidi ya mara 12 kuliko wasiovuta. Kwa hiyo ni wiki nne bila nikotini kabla, na wiki nne baada. Sigara ya umeme, viraka vya nikotini vya kubandika na bigijii zake vimo humohumo. Mimi mgonjwa akiniambia hawezi, simfanyii, na sijawahi kujuta kumkatalia mtu.

Sindano za kupunguza uzito zinahitaji maneno yake. Kwanza, hupunguza mwendo wa tumbo kujimwaga. Unaweza kufunga kula tangu jana yake na bado ukalala mezani una chakula tumboni, kikapanda na kuingia mapafuni wakati wa usingizi. Mwambie daktari wa usingizi jina la dawa, kipimo, na siku uliyochoma mara ya mwisho. Yeye ndiye ataamua uiruke au vipi. Pili, uzito wako utulie kwanza, angalau miezi sita. Ukikazwa leo kisha ukapungua kilo nane nyingine, utakuwa umeshona nguo kabla ya kumaliza kupimwa.

Dawa ya usingizi yenyewe si jambo la kupuuza hata pale upasuaji unapoitwa mdogo. Mwandishi wa Marekani Olivia Goldsmith alikwenda kupunguzwa ngozi ya chini ya kidevu mwezi Januari 2004. Moyo wake ulisimama wakati wa dawa ya usingizi, akaingia kwenye koma, na siku kadhaa baadaye akafariki. Matukio kama hayo ni nadra sana kwa mtu mwenye afya aliyepimwa vizuri, na kukaza uso kunaweza kufanywa kwa usingizi kamili au kwa ganzi pamoja na dawa ya kutuliza. Ninachotaka uulize ni hiki: nani atakaa kichwani kwangu akitazama pumzi na moyo, muda wote, bila kazi nyingine? Jibu likiwa “mimi mwenyewe” kutoka kwa anayekata, ondoka.

Watu huogopa zaidi kupooza uso. Mishipa ya fahamu inayochezesha uso hutokea chini ya sikio, hupita ndani ya tezi kubwa ya mate, kisha hutawanyika kwenda kwenye paji, macho, mashavu, mdomo na shingo, ikipita chini kidogo tu ya utando nilioutaja. Ikiguswa, nyusi inaweza kugoma kupanda au mdomo wa chini ukaenda upande. Mara nyingi ni mshtuko wa mshipa unaopona kwa wiki au miezi, na udhaifu wa kudumu hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya 100. Unaojeruhiwa mara nyingi zaidi ni mshipa mwingine, wa hisia, unaopanda shingoni kwenda sikioni, na kazi yake ni kukufanya uihisi ndewe yako. Nitaurudia mwishoni.

Sasa kalenda. Siku ya kwanza kichwa kimefungwa bendeji, pengine na vimirija vya kutolea damu, na unalala kichwa kikiwa juu. Nyuzi za mbele ya sikio hutolewa baada ya siku tano hadi saba, za kwenye nywele baadaye kidogo. Wiki ya kwanza uso huvimba kiasi kwamba wengine hawajitambui, na rangi ya kuvilia damu huteremka hadi shingoni. Wiki ya pili au ya tatu vipodozi vinaweza kuficha kilichobaki. Kuna siku, hasa katika wiki hizo za mwanzo, mtu hulia bila sababu na kujiuliza kwa nini alijitia matatani; ni jambo la kawaida, na huondoka na uvimbe. Kazi ya kukaa mezani wengi huirudia baada ya wiki mbili hadi tatu, kunyanyua vitu vizito na mazoezi makali baada ya wiki nne hadi sita. Kukazana, ganzi na ugumu wa ngozi huendelea miezi, na kovu huhitaji mwaka kutulia rangi.

Kwa hesabu hiyo, wiki nane zingetosha iwapo ungelala mezani kesho na kila kitu kikaenda sawa. Lakini kesho haiwezekani: unadaiwa wiki nne za shisha, mwezi wa presha na miezi ya uzito kutulia. Hata mgonjwa mwenye afya kamili huambiwa aache miezi mitatu kabla ya sherehe, na mimi hupenda sita. Mama wa bibi harusi hulala kwa saa tatu tu, hubeba, hupokea wageni, hucheka mbele ya kamera siku nzima. Sitaki ufanye hayo ukiwa na uso usiohisi kama unatabasamu. Picha za harusi zitakuwepo miaka 40.

Mume wako sasa. Sina desturi ya kuingia kwenye ndoa za watu, na uso ni wako, hakuna anayepaswa kukuruhusu. Lakini usiku wa kwanza lazima mtu mzima alale nawe, ajue dalili nilizozitaja, awe na simu na namba. Na utarudi na kichwa kilichofungwa kama aliyepata ajali. Mwambie yeye au mwambie dada yako. Asijue mtu ndilo haliwezekani. Anayetaka kufanya kwa siri kabisa mara nyingine ana jambo jingine linalomuuma, nami humuuliza taratibu. Mtu aliyefiwa juzi au aliyeachwa mwezi uliopita namwomba asubiri. Aliyekwisha kufanyiwa mara nne na bado anaona kasoro ambayo hakuna mwingine anayeiona namwelekeza kwa daktari wa afya ya akili, kwa sababu kisu hakitamfikia anapoumia.

Kumchagua mpasuaji: majina kama “mtaalamu wa urembo” katika nchi nyingi hayalindwi na sheria, anaweza kujiita yeyote. Tafuta jina lake kwenye daftari la baraza la madaktari la nchi anayofanyia kazi, uone amesajiliwa kama bingwa wa fani gani. (Upasuaji wa plastiki hauna plastiki ndani yake; neno limetoka Kigiriki, maana yake kufinyanga. Bado naulizwa kila mwezi.) Muulize anakaza nyuso ngapi kwa mwaka, wapi, na hospitali gani itakupokea mambo yakiharibika. Muulize bei imeingiza nini: usingizi, kitanda, vipimo, marekebisho. Bima kwa kawaida hailipi. Ukivutwa na bei ya nchi nyingine, hesabu wiki mbili au tatu za kukaa huko na jina la daktari atakayekutazama ukirudi. Anayekupunguzia bei ukilipa leo hii anauza kitu kingine, si tiba.

Mbadala upo, ila ujue unafanya nini. Botox hulegeza misuli inayokunja ngozi, hudumu miezi mitatu hadi minne, na haiinui shavu. Sindano za kujaza hurudisha ujazo kwa muda. Zikizidishwa ili “ziinue” kinachoning’inia, uso huwa mzito kama mto. Nyuzi za kuvuta huleta mabadiliko madogo ya miezi, na zikishaacha makovu ndani humtatiza mpasuaji wa baadaye, hivyo ukishawekewa chochote, sema. Ngozi iliyozidi haiondolewi na chochote kisichokata. Kukaza uso vizuri hudumu kwa wengi miaka saba hadi kumi, na hata hapo unaendelea kuzeeka kutoka pale uliporudishwa, si kwamba siku moja unarudi ghafla pale ulipoanzia.

Kwa wiki hizi nane, acha shisha, tuliza presha, paka kinga ya jua kila asubuhi, na mwone daktari wa ngozi kuhusu mikunjo ya mdomo, ila kitu chochote cha kuchuna ngozi kisifanywe karibu na harusi. Miezi sita uzito wako ukiwa umesimama, nenda ukaonane na wapasuaji wawili tofauti, uende na picha zako za miaka 20 iliyopita.

Na hereni. Harusini vaa unazozitaka. Baada ya upasuaji, ndewe zitakufa ganzi wiki kadhaa au miezi, kwa ajili ya ule mshipa wa shingoni. Hereni nyepesi huruhusiwa kidonda kikishapona vizuri, mara nyingi baada ya wiki kadhaa. Zile nzito zisubiri mpaka uweze kuhisi ukijifinya, kwa sababu zinaweza kukurarua bila wewe kujua. Mashine ya kukaushia nywele iweke kwenye moto mdogo kabisa kwa kipindi hichohicho. Nimewahi kumtibu mgonjwa aliyeungua sikio hivyo, akagundua alipoona lengelenge kwenye kioo.